Kabla Hujasema Kodi Ifutwe

Wanangu, kila Juni Waziri wa Fedha akishamaliza kusoma hotuba yake ya bajeti Dodoma, vijiwe vinawaka moto. Nawasikiliza. Mna ndimi nyepesi kuliko sisi tulipokuwa rika lenu, mnasoma mambo mengi, na uchungu mlio nao ni wa haki. Lakini mara nyingi mnashindwa mbele za watu, tena na mtu ambaye hoja yake ni dhaifu kuliko yenu. Yeye amekuja na tarakimu mbili alizozishika vizuri, ninyi mmekuja na sauti.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikwenda katika ofisi ya mweka hazina wa halmashauri moja ambayo sina haja ya kuitaja. Nimekata stakabadhi, nimehesabu makusanyo ya mnada kwa taa ya chemli, nimekaa nyuma ya madiwani wakigombania fedha ambazo hazikuwapo. Ninachotaka kuwaonya ni hiki: usibishane kuhusu kodi mpaka umeifuata shilingi hadi kwenye mfuko inakotoka kweli. Sheria itakwambia nani anaipeleka serikalini. Nani inamuuma, hilo utalitafuta mwenyewe.

Chukueni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye umeme: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500 na Sh7,500. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Haya, nenda Manzese au Mbagala, nyumba ya vyumba sita, mpangaji ananunua umeme wa Sh5,000 mwanzoni mwa mwezi. Kabla hajapata uniti hata moja, Sh1,500 imeondoka, na kilichobaki bado kina VAT, fungu la umeme vijijini (REA) na la mdhibiti wa nishati (EWURA). Ilielezwa kwamba mpangaji na mwenye nyumba watamalizana kwenye pango. Mnawajua wenye nyumba wa mjini. Sasa akisimama mtu akasema kodi hii inawagusa wenye mali, na mwingine akamjibu kwamba ni wizi mtupu, wote wawili wamepita pembeni. Aliyeshika hoja ni yule atakayetoa simu mfukoni, aonyeshe meseji ya LUKU, aulize aliyekatwa hapa ni mwenye nyumba au ni mimi.

Ushuru wa mazao ni hivyo hivyo, na huo naujua kwa mikono yangu. Anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Ulikuwa ukifika asilimia 5, hadi bajeti ya 2017 ilipoushusha kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mnunuzi anayeingia kijijini na lori anajua geti liko wapi na litamtoza kiasi gani. Anaanza na bei ya mjini, anatoa nauli, anatoa wapakiaji, anatoa ushuru, na kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Mkulima stakabadhi hakuiona kwa macho, na ukimuuliza atakwambia yeye halipi kodi. Halafu anapanda mtu jukwaani kusema wakulima wa nchi hii hawalipi kodi, na watu wanampigia makofi, wakulima wakiwemo! Mtu wa namna hiyo msimtukane. Muombeni akae chini mpige naye hesabu ya gunia moja la mahindi, kutoka shambani hadi sokoni, mbele ya hao hao waliompigia makofi.

Anayebeba kodi ni yule asiye na pa kukimbilia. Mnunuzi anaweza kwenda kijiji kingine. Mkulima mwenye ada ya shule ya mtoto na mahindi yanayoliwa na dumuzi hana kwingine. Ukilishika hilo, utaelewa pia kwa nini kuondoa kodi hakumsaidii kila mara yule uliyemkusudia. Na hapa ndipo wengi wenu mnapojikwaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Wanaharakati walikuwa wamepigania jambo hilo kwa muda mrefu, na hoja yao ilikuwa safi: binti asikose shule kwa sababu ya asilimia 18. Mwaka mmoja baadaye, bajeti ya 2019, msamaha ukafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bei madukani haikushuka, na faida iliishia kwa wafanyabiashara. Waliokuwa wameupigania wakabaki hawana la kujibu zaidi ya kulaumu tamaa ya wenye maduka.

Tamaa ipo, siikatai. Lakini kulikuwa na jibu zuri zaidi ambalo wachache walilitoa. Bidhaa ikisamehewa VAT, mwenye kiwanda hamtozi mteja, lakini naye harudishiwi VAT aliyoilipa kwenye malighafi, vifungashio na umeme. Tuseme pakiti inauzwa Sh2,000 kabla ya kodi, na VAT yake ni Sh360. Kuitengeneza, mwenye kiwanda alinunua vitu vya Sh1,200 na kulipia VAT ya Sh216. Zamani angejirudishia hiyo Sh216 na kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) Sh144 tu. Sasa amesamehewa: hakusanyi Sh360, lakini Sh216 imemganda mkononi, na ataiingiza kwenye bei. Hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, bei inaweza kushuka kwa Sh144, si kwa Sh360. Ongeza faida ya jumla na ya rejareja juu yake, halafu umtafute mtu wa duka la mtaani atakayehangaika kushusha bei kwa sarafu hizo. Aliyetaka bei ishuke kweli alipaswa kudai kiwango cha asilimia sifuri, ambacho kinamruhusu mwenye kiwanda kurudishiwa alicholipa. Msamaha na kiwango cha sifuri vinafanana jukwaani. Kwenye daftari ni vitu viwili mbalimbali, na mabinti walilipia tofauti hiyo. Katika bajeti hiyo hiyo ya 2019 serikali iliamua kuwapunguzia viwanda vipya vya taulo kodi ya mapato ya kampuni, kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Mjadala ulikuwa umeshatoka dukani kwa binti na kuhamia kwa mwekezaji.

Kwa hiyo jifunzeni hesabu. Sisemi mwe wahasibu. Nasema msiaibike. Kuna kosa moja nimelisikia kwa watu wenye shahada, na likitamkwa hadharani linamuua msemaji palepale. Ni kusema kwamba mfanyakazi akivuka mshahara wa milioni moja anakatwa asilimia 30, hivyo ni heri asipandishwe cheo. Kodi ya mshahara inakwenda kwa madaraja. Sh270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi Sh520,000 ni asilimia 8, hadi Sh760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25. Mwenye milioni moja ya kutozwa kodi anakatwa Sh128,000. Mkimuongezea laki moja, asilimia 30 inagusa hiyo laki tu: anaongeza Sh30,000 na kubaki na Sh70,000. Hakuna anayepata hasara kwa kupandishwa mshahara. Aliye makini atauliza swali gumu zaidi: kwa nini mwenye milioni moja na nusu na mwenye milioni ishirini waguswe na asilimia ile ile ya juu? Hapo kuna mdahalo wa kweli, wenye watu wazito pande zote mbili, na ninyi hamuufikii kwa sababu mmekwama kwenye daraja.

Tuje kwenye neno mnalolipenda: ifutwe.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, ile ambayo wazee tunaiita kodi ya kichwa. Ilikuwa na historia chafu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja na mapato walitaka watu walazimike kwenda kutafuta vibarua mashambani kwao. Waingereza wakaiendeleza. Baada ya Uhuru ikaondolewa, na miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la maendeleo. Ninyi hamkuiona. Mgambo waliweka kizuizi barabarani alfajiri, mwanamume asiye na stakabadhi akarudi porini, baiskeli zikarundikwa nyuma ya ofisi ya kata. Tajiri mwenye mabasi na kijana asiye na kazi walikuwa wakidaiwa kiasi kile kile, au tofauti ndogo isiyo na maana. Na ukitoa posho ya mgambo na mafuta ya gari, sehemu nzuri ya tulichokikusanya tulikuwa tumeshaila katika kukikusanya. Ilistahili kufutwa. Nikiulizwa leo nitasema hivyo tena.

Lakini ilipofutwa, hakuna aliyesimama kijijini kwetu kueleza pengo litazibwa na nini. Hazina iliahidi ruzuku ya kufidia vyanzo vilivyofutwa, na ruzuku ikaja. Ikaja kwa wakati wake, kwa kiasi chake. Baraza la madiwani lililokuwa likibishana jinsi ya kutumia fedha zake likawa baraza la kusubiri barua. Na zahanati ilipotakiwa kuezekwa, watu wakarudishwa kwenye michango: mchango wa darasa, mchango wa madawati, baadaye mchango wa maabara. Katiba yetu, ibara ya 138, inakataza kodi yoyote kutozwa bila sheria ya Bunge. Mchango unapita pembeni mwa ibara hiyo kwa kuitwa hiari, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayeamua hiari yako ni shilingi ngapi. Mimi nauona mchango wa lazima kuwa mbaya kuliko kodi mbaya, kwa kuwa kodi angalau ina kitabu unachoweza kukifungua mahakamani.

Ndiyo maana ninyi mkisema ifutwe, mpinzani mjanja hatatetea kodi. Atawauliza swali moja tu: tufunge kituo gani cha afya? Mkinyamaza hapo, mmekwisha. Muwe na jibu, na jibu liwe na mahali. Semeni msamaha fulani wa kodi uondolewe, matumizi fulani yapunguzwe, kitabu fulani cha bajeti, fungu fulani. Vitabu vya bajeti vinapatikana. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inafika mezani kwa Rais kila Machi na kuwasilishwa bungeni baada ya hapo. Anayesema fedha zinaibiwa bila kutaja hata ukurasa mmoja anatoa lawama ya jumla, na lawama ya jumla haimtishi mwizi. Inampa pa kujificha.

Vijana wenzenu wa Kenya waliwaonyesha njia mwaka 2024, walipoandamana kupinga kodi mpya. Tofauti ya maandamano yale na mengi yaliyotangulia ni kwamba vijana walikuwa wameusoma Muswada wa Fedha wa nchi yao. Waliutafsiri, wakauchambua kifungu kwa kifungu, hivi kwamba bodaboda aliweza kukutajia VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Wizara ilibaki kusema watu hawajaelewa, na watu wakawa wanasoma kifungu kwa sauti. Kodi ya mkate na ya magari iliondolewa hata kabla ya kura. Tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi na kufa, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Bei iliyolipwa ilikuwa ya damu, na sitaki mtu yeyote ajifunze siasa ya kodi kwa bei hiyo. Ila angalieni kilichofuata. Muswada ule ulikusudiwa kukusanya takriban Sh346 bilioni za Kenya, na deni la taifa lililokuwa likidaiwa halikufutika kwa sababu muswada umefutika. Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya marekebisho ya kodi ilitiwa saini, na baadhi ya mambo yakarudi kwa mlango huo, kukiwa na kelele ndogo sana. Kukataa walikataa kwa ustadi mkubwa. Swali la nani alipe deni, na deni lipi lilikuwa halali, lilibaki mikononi mwa watawala wale wale.

Kuna hoja nyingine inayowavutia vijana wa biashara: shusha kiwango cha kodi, mapato yatapanda. Si uzushi wa Wamarekani. Mwanazuoni Ibn Khaldun aliiandika katika kitabu chake Mukadima karne ya 14, kwamba dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, na dola iliyozeeka hutoza kingi ikapata kidogo. Rais Reagan wa Marekani alimtaja alipokuwa akitetea kushusha kodi. Lakini kila hoja ina mahali pake. Julai 2021 tulipoanza kutozwa tozo ya miamala ya simu, hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, watu walirudi kubeba fedha kwenye soksi na kumtuma kondakta. Kufika Septemba viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata vikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023 ikaifuta tozo ya kutuma. Hapo Ibn Khaldun yuko nyumbani, kwa kuwa mtozwaji alikuwa na pa kukimbilia. Nendeni sasa Kansas, Marekani. Gavana Brownback alishusha sana kodi ya mapato mwaka 2012 akiahidi uchumi utapaa. Bajeti ikatoboka, shule zikakosa fedha, na mwaka 2017 wabunge, wengi wao wa chama chake mwenyewe, wakazirudisha kodi hizo juu ya kura yake ya turufu. Kwa hiyo mtu akikwambia shusha kodi mapato yapande, muulize: sasa hivi watu wanaikimbia kodi hii? Wanakimbilia wapi? Akikuonyesha, mkubalie. Asipokuonyesha, anaomba nafuu yake mwenyewe kwa jina la taifa.

Na ninyi mlio upande wa serikali, msidhani nawaonea haya. Kila mwaka mnatutangazia rekodi ya makusanyo. Ni kweli TRA ilivuka trilioni 27 mwaka 2023/24 na trilioni 32 uliofuata, na si kazi ndogo. Lakini bei zimepanda, watu wameongezeka, uchumi umekua. Rekodi itavunjwa hata meneja akilala. Linganisheni makusanyo na pato la taifa, ambako tumekuwa tukizunguka kati ya asilimia 11 na 13 kwa miaka mingi, kisha mseme kama mnajivunia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wengi wenu mliwaita wakwepa kodi. Walikuwa wakilalamikia namna ya kutozwa: kukamatwa kwa wateja njiani, makadirio yasiyoeleweka, usajili wa stoo. Mtu anayelalamikia namna, ukimjibu kuhusu uzalendo, utakuwa hujamjibu.

Mkisimama kuzungumza, anzeni na mtu mmoja anayejulikana na wasikilizaji. Mama lishe hana shida na pato la taifa. Anajua bei ya mafuta ya kupikia ya jana na ya leo. Mkishampitisha yeye hadi kwenye sheria, watu watawafuata huko juu. Msianze na trilioni, trilioni haina sura. Na hoja ya mpinzani muiseme kwanza ninyi wenyewe, vizuri kuliko anavyoisema yeye, kisha muijibu. Nimewahi kumuona diwani mmoja, darasa la saba, akifanya hivyo kwenye kikao cha bajeti. Alieleza kwa nini mkurugenzi alitaka kupandisha ushuru wa vizimba sokoni, akaeleza kwa haki kabisa, hata mkurugenzi akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha akasoma orodha ya vizimba na majina ya waliovikodi kwa halmashauri, na bei ambayo wao wanawapangisha akina mama wanaouza nyanya. Kikao kilikwisha mapema siku hiyo.

La mwisho ni kuhusu kalenda, maana hata hoja nzuri ina muda wake. Mapendekezo ya mabadiliko ya kodi hupokelewa na Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla ya hotuba, na vyama vya wafanyabiashara wakubwa hupeleka ya kwao, yamepigwa chapa, yana majedwali. Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Fedha kabla haujapitishwa. Tarehe mosi Julai sheria inaanza kutumika. Kelele za vijiweni huwa kubwa zaidi wiki ya pili ya Julai. Mwaka huu kaeni watatu au wanne, mchague kodi moja tu mnayoijua tangu dukani hadi kwenye kifungu chake, muandike kurasa mbili, mpeleke mapema. Kama mnahitaji mtu wa kuhakiki hesabu, miwani yangu bado inaona.